Anayeishauri nchi amtaje anayemlipa

Taasisi inayoishauri serikali namna ya kutoza kodi, kuendesha hospitali na kudhibiti sigara, huku ikikataa kuwataja wanaoilipa, haistahili kukaribishwa katika mjadala wa taifa kama mtafiti huru. Ihesabiwe kuwa mtetezi wa upande mmoja. Isikilizwe kwa adabu, jinsi anavyosikilizwa wakili mahakamani ambaye kila aliyemo ukumbini anajua ametumwa na nani. Ikitaka heshima kubwa kuliko hiyo, ifungue vitabu vyake.

Hatusemi hivi hewani. Kesi tunayoitolea hukumu ni ya Institute of Economic Affairs, IEA, taasisi ya soko huria yenye makao Lord North Street, London, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bunge la Uingereza. Nairobi nako ipo taasisi yenye jina hilohilo, iliyoanzishwa mwaka 1994. Hiyo ni nyingine kabisa na haimo katika shauri hili. Tumeichagua ile ya London kwa kuwa ndiyo mama wa taasisi nyingi za aina yake duniani, na kwa kuwa historia yake inaonyesha waziwazi mahali ambapo kazi halali ya kueneza mawazo hugeuka kuwa biashara ya kuuza ushawishi.

Tuanze kwa kuipa haki yake. Mwasisi wake, Antony Fisher, alikuwa rubani wa kivita aliyegeuka mkulima. Mwaka 1945 alisoma katika jarida la Reader's Digest muhtasari wa kitabu cha Friedrich Hayek, The Road to Serfdom, akamfuata mwandishi huyo chuoni London School of Economics kumuuliza kama aingie siasa. Hayek akamwambia aachane na ubunge. Wanasiasa, alimweleza, hufuata mawazo yaliyokwisha kuenea miongoni mwa walimu, waandishi na wahariri. Kwa hiyo hao ndio wa kuvutwa kwanza. Fisher alipotajirika kwa kufuga kuku wa nyama kwa wingi kupitia kampuni yake ya Buxted, alitoa fedha, na mwaka 1955 IEA ikazaliwa. Waliokuja kuiendesha, Ralph Harris na Arthur Seldon, hawakuwa mabwanyenye. Wote wawili walikulia katika familia za wafanyakazi wa London.

Walifanya kazi kwa subira. Kijitabu cha kwanza cha taasisi hiyo, mwaka huohuo wa 1955, kilitaka pauni iachwe ibadilishwe kwa fedha za kigeni bila vizuizi. Serikali ya Margaret Thatcher iliondoa udhibiti wa fedha za kigeni Oktoba 1979, yaani miaka 24 baadaye. Mwaka 1960 mwanauchumi Basil Yamey aliiandikia taasisi hiyo hoja ya kupinga viwanda kuyapangia maduka bei ya rejareja. Mwaka 1964 Bunge likapitisha sheria dhidi ya desturi hiyo, na mnunuzi wa kawaida akapata nafuu. Katika miaka yote hiyo hoja ziliandikwa hadharani, zikapingwa hadharani, zikachujwa na wakati. Hapo hatuna la kulaumu.

Wala hatuna ugomvi na soko huria kama wazo. Aliyepanga foleni ya sabuni na sukari kwenye duka la ushirika nchini Tanzania mapema miaka ya 1980 hahitaji profesa wa kumweleza kwamba serikali inayopanga kila bei huishia kugawa uhaba. Na wazo hilo lina watetezi wazito huku kwetu. James Shikwati, aliyeanzisha shirika la Inter Region Economic Network jijini Nairobi mwaka 2001, aliliambia jarida la Der Spiegel mwaka 2005, wakati mataifa tajiri yakijiandaa kukutana Gleneagles, kwamba misaada inaidhuru Afrika: chakula cha bure kinamwua mkulima sokoni. Wapo waliomkasirikia. Lakini alisimama kwa jina lake na hoja yake, akajibiwa. Nchi inayowanyamazisha watu kama hao inajidhuru yenyewe.

Kosa la IEA liko kwingine, tena ni makosa mawili.

La kwanza ni kumficha anayelipa. Taasisi hii haichapishi orodha ya wafadhili wake. Tunachokijua kimefichuliwa na wengine: kwamba kampuni ya mafuta ya BP imeichangia tangu mwaka 1967, na kwamba British American Tobacco, mtengenezaji mkubwa wa sigara, ni mfadhili wake wa miongo mingi. Sasa angalia kazi zake. Serikali ya Uingereza ilipotaka sigara ziuzwe katika pakiti zisizo na nembo wala rangi za kuvutia, sheria iliyoanza kutekelezwa Mei 2016, IEA ilikuwa miongoni mwa sauti zilizoipinga kwa nguvu, kwa jina la uhuru wa mnunuzi. Huenda wataalamu wake waliamini kwa dhati walichokisema. Taasisi yenyewe inashikilia kwamba wafadhili hawaigusi kalamu ya mtafiti. Lakini mtazamaji wa televisheni aliyewaona wakihojiwa alistahili kujua, kabla ya neno la kwanza, kwamba kampuni ya sigara ni miongoni mwa wanaowalipa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wahenga hawakumwondoa mwamba ngoma mwenye shahada.

Mwaka 2018 mambo yalizidi kuwa wazi. Mwandishi wa Unearthed, kitengo cha uchunguzi cha Greenpeace, alijifanya mshauri wa wawekezaji wa kilimo kutoka Marekani waliotaka ushawishi katika sera za Uingereza baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Mkurugenzi wa IEA wakati huo, Mark Littlewood, alirekodiwa akieleza jinsi mfadhili anavyoweza kukutanishwa na mawaziri. Taasisi ilikana kosa lolote. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ilianza kuichunguza, na Februari 2019 ikaipa onyo rasmi juu ya ripoti yake moja kuhusu kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa madai kwamba ripoti hiyo ilivuka mpaka na kuingia siasa. Baadaye mwaka huohuo tume hiyo ililiondoa onyo lake. Tunalitaja hilo kwa sababu haki inatudai tulitaje. Hata hivyo kuondolewa kwa onyo hakukuleta orodha ya wafadhili. Na kumbuka kuwa IEA imesajiliwa kama shirika la hisani lenye lengo la kuelimisha umma, hadhi inayoambatana na nafuu ya kodi. Umma unaelimishwa, umma unachangia kupitia nafuu hiyo, na umma huohuo haupaswi kujua nani mwingine amechangia.

Msomaji asidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1981 Fisher alianzisha shirika la Atlas ili kuzalisha taasisi za mfano wa IEA duniani kote. Leo mtandao wake una mamia ya washirika, Afrika ikiwemo. Nayo kampuni ya sigara iliyoifadhili taasisi ya London ina kampuni tanzu Kenya, ambayo ilizipinga mahakamani Kanuni za Udhibiti wa Tumbaku za mwaka 2014 kutoka Mahakama Kuu, ikapanda Mahakama ya Rufaa, hadi Mahakama ya Juu iliyoitupa rufaa yake Novemba 2019. Vyombo vya habari viliandika zaidi juu ya mchango wa asilimia 2 ambao kanuni hizo ziliwataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku kuutoa. Kipengele kilichostahili kuzungumzwa zaidi kilikuwa kile kinachowabana maafisa wa umma wasikutane na sekta ya tumbaku ila pale inapolazimika, na kwa uwazi. Kenya imekwisha kukubali, na Mahakama ya Juu haikukitengua, kwamba mwenye faida kubwa katika sheria fulani hana ruhusa ya kuwafikia watunga sheria kwa mlango wa nyuma. Ni upuuzi basi kuifungia kampuni mlango huo, kisha kumwachia wazi mtafiti anayelipwa na kampuni hiyohiyo.

Kosa la pili ni zito zaidi: kutoa ushauri bila kubeba matokeo yake.

Liz Truss na Kwasi Kwarteng walikuwa wageni wa kawaida katika mikutano ya IEA tangu walipoingia bungeni mwaka 2010. Mwaka 2012 waliandika pamoja na wabunge wenzao watatu kitabu, Britannia Unchained, kilichotaka kodi ndogo na dola ndogo. Septemba 2022 Truss akawa Waziri Mkuu na Kwarteng Waziri wa Fedha. Ruth Porter, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa mawasiliano wa IEA, akawa naibu mkuu wa wafanyakazi katika ofisi ya Waziri Mkuu. Tarehe 23 mwezi huo Kwarteng alisoma bajeti ndogo yenye punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45, ikiwemo kufuta kiwango cha asilimia 45 wanachotozwa wenye vipato vya juu kabisa. Hakueleza fedha za kuziba pengo zingetoka wapi. Hakuruhusu hata ofisi huru inayokagua makadirio ya bajeti ichapishe hesabu zake.

Jumatatu iliyofuata pauni ilishuka hadi kiwango ambacho haikuwahi kukifikia mbele ya dola. Jumanne Shirika la Fedha la Kimataifa, lililozoea kuzikaripia Nairobi, Lusaka na Accra, likaikaripia London hadharani. Jumatano Benki Kuu ya Uingereza ililazimika kuingia sokoni kununua hatifungani za serikali, kwa sababu mifuko ya pensheni ilikuwa ukingoni. Riba ya mikopo ya nyumba ya miaka miwili ikapita asilimia 6. Kwarteng alifukuzwa tarehe 14 Oktoba. Tarehe 17 mrithi wake, Jeremy Hunt, akafuta karibu kila kilichomo. Tarehe 20 Truss akatangaza kujiuzulu, na serikali yake ikawa ya siku 49 tu.

IEA haikuiandika bajeti ile. Baadhi ya wanauchumi walio karibu nayo walimwonya Truss mapema kwamba masoko yalikuwa na wasiwasi. Hayo ni kweli na tunayaandika. Lakini ni kweli pia kwamba taasisi hii iliwalea wanasiasa hao kwa zaidi ya muongo mmoja, na bajeti iliposomwa mkurugenzi wake aliishangilia. Baada ya kuporomoka zikasikika sauti za watetezi: wazo lilikuwa zuri, walisema, ila halikuelezwa vizuri, tena lilihitaji kuambatana na kupunguza matumizi. Kila itikadi husema hivyo ikishindwa. Wakomunisti walisema hivyo, na wakaambiwa na watu hawahawa wa soko huria kwamba wazo hupimwa kwa matokeo yake.

Sasa hesabu nani alilipa. Waziri wa Fedha alipoteza kazi. Waziri Mkuu alipoteza serikali. Wenye nyumba waliokuwa wakihuisha mikopo yao mwezi ule walilipa kila mwezi. Taasisi iliendelea kutoa ripoti na wataalamu wake wakaendelea kualikwa studioni. Mshauri asiyepata hasara yoyote ushauri wake unapoharibika hana sababu ya kuwa mwangalifu, na huo si msimamo wa mrengo wa kushoto. Ni somo la kwanza la soko huria lenyewe.

Walau London ilikuwa na soko la hatifungani la kupiga kelele. Kosa lilijulikana ndani ya siku tano. Katika nchi zetu kosa la namna hii huchelewa kuonekana, kwa kuwa wanaoumia hawana hatifungani.

Mwaka 1977 Arthur Seldon wa IEA alichapisha kitabu, Charge, kilichotaka wananchi watozwe ada kwa huduma ambazo serikali huzitoa bure. Miaka kumi baadaye, mwaka 1987, Benki ya Dunia ilizipendekezea nchi maskini jambo la mwelekeo huohuo katika afya: mgonjwa achangie. Hatudai kwamba kitabu kimoja kilizaa sera ya Benki ya Dunia. Wazo lilikuwa limeenea kwa wengi, na kueneza ndiko hasa Hayek alikomtuma Fisher. Desemba 1989 Kenya ilianza kutoza ada katika hospitali za serikali. Watafiti waliofuatilia kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 1992. Katika kipindi cha ada, wanaume waliohudhuria kwa mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Hiyo ilikuwa miaka ambayo Ukimwi ulikuwa ukisambaa, na mwenye ugonjwa wa zinaa asiyetibiwa huambukiza na kuambukizwa Ukimwi kwa urahisi zaidi. Ada zilisimamishwa mwaka 1990, zikarudishwa baadaye kwa sura nyingine. Wale waliokosekana kwenye foleni ya kliniki hawakuandamana. Hakuna sarafu iliyoporomoka kwa ajili yao. Hakuna mwandishi wa kijitabu chochote aliyeitwa kujieleza.

Kwa hiyo nchi zetu, zikiwa na kinga hafifu kuliko London, zinahitaji masharti makali zaidi ya kumpokea mshauri, wala si mepesi zaidi.

Tunajua yatakayosemwa kujibu. La kwanza, kwamba hoja ipimwe kwa uzito wake bila kujali nani kailipia. Lingekuwa jibu zuri kama mbunge angekuwa na wiki tatu na wanauchumi watano wa kurudia kila hesabu. Hana. Anaamini, na mwananchi naye anaamini. Zaidi ya hapo, mfadhili hahitaji kughushi namba; inamtosha kuchagua swali litakalochunguzwa na lile litakaloachwa kabatini.

La pili lina nguvu zaidi, na hatulipuuzi. Katika ukanda huu serikali zimewahi kutumia masharti ya kutaja wafadhili kuyaminya mashirika yanayoisema vibaya dola. Orodha ya wafadhili ikiwa mikononi mwa ofisa mwenye uwezo wa kufuta usajili ni silaha. Ndiyo maana hatutaki orodha iende kwa msajili peke yake. Tunataka iende kwa wananchi, na kukosa kuitoa kusiwe sababu ya kulifunga shirika wala kumkamata mtu. Adhabu iwe moja tu, kupoteza hadhi ya mtaalamu huru mbele ya kamati za Bunge. Mwananchi anayechangia elfu mbili abaki na siri yake. Kampuni yenye mswada mbele ya Bunge isiwe na siri hiyo.

La tatu, kwamba mashirika ya mrengo wa kushoto na yale yanayolishwa na wafadhili wa nje nayo yana mabwana zao. Ni kweli kabisa. Kanuni iyabane yote: ya soko huria, ya vyama vya wafanyakazi, ya kupigania mazingira, na yale yanayoendeshwa kwa fedha za balozi. Sheria inayombana mpinzani wako tu ni kisasi.

Hukumu yetu basi ni hii. Kamati za Bunge zimtake kila anayewasilisha waraka wa sera aambatanishe majina ya waliompa fedha nyingi katika miaka mitatu iliyopita. Hili linawezekana: Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu mwaka 1997 huwataka mashahidi wasio wa serikali kueleza fedha za serikali kuu walizopokea, na mwaka 2015 likaongeza fedha za serikali za kigeni. Sisi twende mbali zaidi, tuziguse na fedha za kampuni. Pia tusirudie pengo la Uingereza, ambako sheria ya mwaka 2014 kuhusu ushawishi inawahusu mawakala wanaokodishwa tu na kuziacha taasisi za sera nje.

Mawaziri wachapishe mikutano yao na taasisi hizi, pamoja na jina la kila aliyeketi mezani. Vyumba vya habari viache kumtambulisha mtu kama mchambuzi huru kabla ya kumuuliza nani anamlipa mshahara. Jibu liandikwe chini ya jina lake kwenye skrini, na akikataa kujibu, kukataa kwake kuandikwe hapohapo. Taasisi zenyewe, kila zinapopendekeza kodi ipunguzwe au ada ianzishwe, zieleze kwa namba nani atalipa pengo, na kila baada ya miaka mitano zichapishe tathmini ya mapendekezo yao yaliyotekelezwa, yaliyofaulu na yaliyodhuru.

Msimu wa bajeti unaofuata, kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa waraka wowote, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha amuulize aliyeuleta: kazi hii imelipiwa na nani? Atakayejibu aendelee. Atakayekataa, waraka wake usiingizwe katika kumbukumbu za Bunge kama utafiti. Uhifadhiwe pamoja na barua za wafanyabiashara wanaoomba msamaha wa kodi.